Zamu ya Maji

Saa tatu usiku tunatoka, wanawake sita,
huyu na ndoo, yule na birika,
mwingine na sufuria ya chai ya siagi aliyoiosha harakaharaka.
Tunalimwagia maji shamba la shayiri la Angmo.
Mavuno yaliingia ghalani tangu Septemba.
Sasa tunapanda barafu.

Maji hayangoji. Ukiyamwaga vibaya yanaganda vibaya,
yanafanya vidonda na makunyanzi,
na kesho mtoto wa mtu ataanguka kwa uzembe wako.
Taratibu, asema Angmo, kama unaogesha kichanga.
Nyusi zetu zimeota mvi kabla ya wakati.
Hapa Zanskar hatuulizani kama kuna baridi.
Tunaulizana kama vidole bado vipo.

Bwawa la kijiji ni la wavulana.
Hakuna aliyeandika hivyo, ila ndivyo lilivyo:
asubuhi, barafu ikiwa ngumu kama jibu la mkwe, wao.
Adhuhuri, jua likishailainisha,
imejaa mifereji ya makali ya viatu vyao,
ndipo wanasema: haya, chezeni.

Mimi nilikulia nyuma ya goli.
Miaka saba nikiokota kisahani kila kilipozama thelujini,
nikiwarudishia kaka zangu kwa mikono miwili, kama sadaka.
Mchezo wote niliujua kwa upande wa mgongoni.
Namgyal akiinua bega la kulia, atapiga kushoto.
Hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huu Yangdol, binti wa marehemu dada yangu,
kaja na viatu vya chuma ndani ya gunia,
kimoja namba thelathini na nane, kingine arobaini.
“Mama mdogo, nishike.”
Nikamshika. Akaanguka.
Nikamshika. Tukaanguka wote,
na mimi, mtu wa miaka hamsini na moja,
nikalala chali nikicheka,
nikaiona anga kwa mara ya kwanza tangu harusi yangu.

Tundup wa kinu akapaza sauti toka ukingoni:
“Akivunjika mguu, nani atamwoa?”
“Atakayemwoa,” Angmo akajibu bila kugeuka,
“hatamwoa mguu.”

Wengine hawakusema kitu. Hao ndio wagumu.
Wao huita tu: mbuzi, kuni, samadi ya kuanika.
Kazi za nyumbani zina macho,
humwona msichana pale anapofunga kamba za viatu.

Februari tukavuka kucheza na wa ng'ambo ya mto.
Ngao za miguu tulishona kwa magunia, tukajaza manyoya ya kondoo.
Golikipa wetu, Chorol, alijifunga godoro la mdogo wake.
Kumi na moja bila.
Nitakudanganya nikisema hatukulia;
Chorol alilia mpaka kope zikagandana.

Lakini ndani ya lori, gizani, sauti yake:
“Lile la nane nilikaribia kulidaka.”
“Na la tano!”
“La tano ulikuwa umefumba macho.”
Wakabishana njia nzima.
Goti langu lilichelewa. Bega langu lilijua, mimi ndiye sikulisikiliza.
Sikuwahi kuwasikia wasichana wetu
wakiitaja miili yao namna hiyo,
si kwa haya, si kwa kuificha,
bali kama mtu anavyomtaja farasi
aliyepanda naye milima.

Basi wewe unayesimama pale mlangoni,
mikono yako imepotelea ndani ya mikono ya koti,
nilikuona jana, na juzi.
Unajifanya umemfuata mbuzi.
Mbuzi gani anapenda barafu?

Sitakwambia utashinda.
Sitakwambia utaitwa mjini ukapewe kombe.
Nakwambia maji tumeshayamwaga, yameganda vizuri,
na asubuhi, ikiwa bado ngumu, ni yako.
Njoo kabla hawajakuita.
Kiatu cha kushoto kinabana kidogo,
nakwambia mapema.